Huna mateka, huna ufalme: maswali yenu kuhusu wafalme wakuu wa Ayalandi

Toleo lililopita msomaji wa Magomeni aliniuliza Waviking walifika wapi na wapi, na mi kwenye kumjibu nikamtaja kwa sentensi mbili tu mzee mmoja anaitwa Brian Boru, mfalme mkuu wa Ayalandi aliyeuawa vitani mwaka 1014, nikapita zangu. Kumbe nimewagusa wengi. Meseji zimeingia wiki nzima, nyingine nimezisoma nimesimama kwenye daladala la Mbezi huku nimeshika bomba kwa mkono mmoja, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: huyu mfalme mkuu alikuwa mkuu wa nini hasa? Basi safari hii ukurasa wote nawapa hao Waayalandi, maana ni stori ninayoipenda toka nikiwa kijana na sijawahi kupata nafasi ya kuieleza kwa kirefu.

SWALI (mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabata): Shikamoo mwalimu. Nimeona orodha ndefu ya wafalme wakuu wa Ayalandi toka kabla ya Kristo, mmoja baada ya mwingine bila kukatika. Ni kweli kisiwa kizima kilikuwa chini ya mtu mmoja? Na kama ni kweli mbona kila ukurasa wanapigana?

JIBU: Marahaba mwanangu. Orodha hiyo ilipangwa baadae na wasomi wa monasteri na washairi wa nyumba za wafalme, na kazi yao kubwa ilikuwa kuonyesha kwamba ukoo wa bosi wao ulitawala toka zamani za kale. Majina ya mwanzo mwanzo ni hadithi. Ukija kwenye miaka ambayo kumbukumbu zinaanza kushikika, yaani kuanzia karne ya 6, unakuta kisiwa kina vijifalme kama 150 hivi, kila kimoja kinaitwa túath, kina mfalme wake, askofu wake, na mipaka ambayo mtu anaweza kuivuka kwa mguu kabla jua halijazama. Juu ya hao kuna mfalme mwenye wafalme kadhaa chini yake, na juu yake tena kuna mfalme wa jimbo, kama Munster kule kusini, Leinster mashariki, Connacht magharibi. Sheria zao zilizoandikwa karne ya 7 na ya 8 zinazieleza ngazi hizo tatu vizuri kabisa. Mfalme wa kisiwa kizima mwenye kodi yake na mahakimu wake kila kona, huyo humkuti kwenye ngazi hizo.

Ulichokuwa nacho ni cheo cha mfalme wa Tara. Tara ni kilima, kiko kama kilomita 40 kaskazini magharibi ya Dublin, na ukikiona leo ni majani, matuta ya udongo ya duara, jiwe moja limesimama kama mlingoti mfupi, na kaburi la kale ambalo lina umri kuzidi mapiramidi ya Giza. Hilo jiwe linaitwa Lia Fáil, na walisema mfalme halali akilikanyaga linalia. Wafalme tunaowazungumzia hapa hata hawakuishi pale! Mmoja anakaa ngome yake ya Ailech huko kaskazini, mwingine kando ya ziwa huko Mide, katikati ya kisiwa, ila kila mmoja anataka aitwe mfalme wa Tara, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa na uzito kuzidi nyumba.

Waliokulia Uchagani watanielewa haraka: kila mangi na mgongo wake wa mlima, mto huku na mto kule, Marangu yao, Machame yao, Kibosho yao, na ukubwa wa mangi unaupima kwa wenzake wangapi wanamwogopa mwaka huo. Ndo hivo hivo. Kule Ayalandi kipimo kilikuwa vitu viwili, ng'ombe na mateka. Mfalme mpya akishasimikwa anatakiwa aongoze uvamizi, akapore ng'ombe za jirani, watu waone mkono wake. Na mfalme mdogo akikubali kuwa chini yako anakupa mwanae uondoke nae, yaani mtoto anawekwa rehani, anakaa kwako anakula vizuri na wanao, mpaka siku baba yake atakapogeuka, na siku hiyo yule mtoto anatiwa pingu na uhai wake uko mkononi mwako. Sheria yao inasema wazi kabisa kwamba asiye na mateka kwenye minyororo huyo si mfalme. Kwa hiyo ukisoma kwamba fulani "alikuwa mfalme mkuu" mwanangu, jiulize kwanza watoto wa nani walikuwa wanalala kwake.

SWALI (mama wa watoto wawili, Mbagala): Mwalimu, mi ninachoshangaa ni ndugu kwa ndugu. Kila ukisoma mtu kauawa na mtoto wa kaka yake au na binamu yake. Si mtoto wa kwanza ndo anarithi, yanaisha?

JIBU: Hapana mama, na hapo ndipo penye moto wote. Mtoto wa kwanza hakuwa na haki ya peke yake. Ufalme ulikuwa mali ya ukoo, na mwanaume yeyote ambaye baba yake au babu yake au baba wa babu yake alikuwa mfalme alikuwa na hoja ya kusimama na kusema na mimi nipo. Sasa hesabu mwenyewe, mfalme ana wake kadhaa kwa nyakati tofauti, ana wanaume saba, kila mmoja ana wanaume wanne watano, vizazi viwili tu mbele una uwanja umejaa watu ambao wote wana haki na kiti ni kimoja. Na kuna kitu kinawasukuma zaidi, ni kwamba mlango ambao umekaa vizazi vingi bila kutoa mfalme unaporomoka, watu wake wanageuka wakulima wa kawaida na hakuna anayewakumbuka, kwa hiyo kungoja kwa upole kulikuwa na gharama yake na gharama hiyo wanailipa wajukuu.

Nikupe mfano mmoja wa karibu. Kulikuwa na mfalme wa Tara anaitwa Diarmait mac Cerbaill, ndiye wa mwisho kufanya ile karamu ya kale ya Tara ya kumwoza mfalme kwa nchi yake, akauawa mwaka 565. Aliacha watoto, miongoni mwao Colmán na Áed Sláine. Mwaka 600 Áed Sláine akamuua Suibne, na huyo Suibne ni mtoto wa Colmán, yaani wa kaka yake kabisa, mtu wa kumwita baba mdogo. Suibne nae alikuwa na mtoto anaitwa Conall, kijana akaweka moyoni, na mwaka 604 akamuua huyo babu yake mdogo. Uzao wa Colmán ukawa ukoo mmoja unaitwa Clann Cholmáin, uzao wa Áed Sláine ukawa ukoo mwingine, Síl nÁedo Sláine, na hao wakaendelea kuchukiana kwa karne nzima na zaidi, na ukiangalia chanzo ni nyumba moja, baba mmoja. Mi nikisoma hiyo miaka minne, 600 mpaka 604, huwa nafunga kitabu kwanza.

SWALI (mfanyabiashara, Kariakoo): Kaka, nasikia koo mbili zilipokezana ufalme miaka mia mbili na ushee. Walikaa kikao wakakubaliana au ilikuaje?

JIBU: Kikao hakuna ndugu yangu, angalau hakuna karatasi inayosema hivo. Walianza kwa damu. Ukoo wenyewe unaitwa Uí Néill, maana yake uzao wa Niall, na huyo Niall babu yao wanamwita Niall wa Mateka Tisa, unaona mateka yanavyorudi. Ukoo huu ulikuwa na milango minne mikubwa: kaskazini Cenél Conaill na Cenél nEógain, kusini hao wawili niliowataja kwa mama wa Mbagala. Mwaka 734 Flaithbertach wa Cenél Conaill akabanwa mpaka akaachia ufalme akaingia monasteri, akaishi humo miaka thelathini zaidi, akafa 765. Aliyembana ni Áed Allán wa Cenél nEógain. Mwaka 743 Áed Allán nae akauawa vitani na Domnall wa Clann Cholmáin. Kuanzia hapo ni kaskazini, kusini, kaskazini, kusini: 763 anaingia wa kaskazini, 770 wa kusini, 797 kaskazini, 819 kusini, 833 kaskazini, 846 kusini, inaenda hivo hivo mpaka mwaka 1002. Cenél Conaill hawakurudi tena kwenye kiti.

We ni mtu wa Kariakoo, na pale mtaani kwenu Jangwani na Msimbazi ziko pua na mdomo, sina haja ya kukueleza kirefu timu mbili kupokezana kombe. Na kama vile Azam walivyochomoza msimu wa 2013/14 wakalibeba katikati ya Simba na Yanga, na wao walikuwa na wa kwao, Congalach wa Síl nÁedo Sláine, alishika kuanzia 944 mpaka 956 alipouawa, afu mambo yakarudi kama zamani.

Sasa kwa nini ilidumu? Mi naona sababu ni kwamba hakuna upande uliokuwa na ubavu wa kummaliza mwenzie. Wa kaskazini akiwa mfalme wa Tara ngome yake iko mbali na hilo eneo lenyewe, hawezi kukaa kusini mwaka mzima, na wa kusini hawezi kupanda milima ya kaskazini kila mara akachukue mateka. Afu wakipokezana wao kwa wao wanawafungia nje wengine wote. Halafu kulikuwa na ndoa. Huyu mama nampenda kumtaja, Máel Muire, binti wa Cináed mac Ailpín mfalme wa Uskoti, aliolewa na Áed Findliath wa kaskazini akamzalia Niall Glúndub, afu mume alipokufa mwaka 879 akaolewa na Flann Sinna wa kusini, ndiye aliyechukua ufalme baada ya mumewe wa kwanza. Flann alipokufa 916 nani akaingia? Niall Glúndub, mtoto wa huyo mama, mtoto wa kambo wa marehemu. Kwenye orodha ya wafalme jina la huyo mama halipo popote, ila ukimtoa yeye huelewi kilichotokea. Niall alikaa miaka mitatu tu, Waviking wakamuua Dublin mwaka 919.

SWALI (mfuga nyuki, Kisarawe): Mwalimu nimeambiwa kuna mfalme aliondolewa kwa sababu ya nyuki. Mi nina mizinga yangu huku na jirani kila siku ananisumbua, nataka kujua kama ni kweli.

JIBU: Ni kweli, na iko kwenye maandishi ya sheria ya karne ya 7, sheria ambayo ni ya nyuki peke yake, mwanzo mpaka mwisho ni nyuki tu, mizinga, makundi yaliyohama na nani ayadai. Wale watu walimchukulia nyuki kama ng'ombe anayevuka mpaka kwenda kula shamba la mwenzio: nyuki wako wanakula maua ya jirani, basi jirani nae ana haki ya kupata sehemu ya faida. Usimwonyeshe jirani yako hii aya.

Humo ndani wanataja kesi ya kwanza kabisa ya kosa la nyuki, ya Congal, mfalme kutoka kwa watu wa kaskazini mashariki wanaoitwa Ulaid. Nyuki walimng'ata jichoni, jicho likapofuka, wakamwita Congal Cáech yaani Congal Chongo. Na sheria inasema alikuwa mfalme wa Tara mpaka jambo hilo likamtoa kwenye ufalme. Kwao mfalme lazima awe mzima mwili wote, akipata kilema nchi nayo inapata kilema, mvua zinapotea, ng'ombe hazitoi maziwa. Hii ndo sababu pia kwenye kumbukumbu zao unakuta ndugu amempofusha ndugu halafu akamwacha hai. Hakuwa na haja ya kumuua, ameshamtoa kwenye foleni.

Congal hakukubali. Aliungana na mfalme wa Dál Riata kutoka ng'ambo ya bahari, Uskoti, akaja kupigana na Domnall mac Áedo wa Uí Néill pale Mag Rath mwaka 637, akauawa. Na sasa tazama kilichofuata, maana mi hapa ndo nilipojifunza kutoamini orodha: kwenye orodha rasmi za wafalme wa Tara zilizoandikwa baadae Congal hayumo. Wamemfuta! Uí Néill walitaka ionekane kwamba toka enzi za Mtakatifu Patrick kiti kilikuwa chao tu, na mtu wa Ulaid aliyekikalia anaharibu hadithi. Waliomtunza ni wanasheria, na wao hawakuwa na nia ya kumtunza, walikuwa wanaandika habari za mizinga.

SWALI (msomaji, Ilala): Hayo majina yanatamkwaje na "mac" ni nini?

JIBU: Mac ni bin. Ua, au Ó ya siku hizi, ni mjukuu wa. Uí ni wingi wake, tamka "ii", kwa hiyo Uí Néill ni "ii nel" kwa kuvuta. Walimu na mapadre wa Kiayalandi waliofika huku kwetu wakiitwa O'Brien, hilo jina ni la uzao wa huyo huyo Brian Boru. O'Neill wao wanatokana na Niall Glúndub aliyeuawa 919, watu wengi wanadhani ni yule wa Mateka Tisa, hapana.

SWALI (dereva, Temeke): Mwalimu mi nilisoma Brian Boru aliwaunganisha Waayalandi wote akawafukuza Waviking siku moja. We toleo lililopita hukusema hivo. Kwa nini?

JIBU: Sikusema kwa sababu si kweli ndugu yangu, na ukweli ni mtamu kuzidi hiyo hadithi. Naomba univumilie nirudi nyuma kidogo.

Munster ya kusini ilikuwa na ukoo wake mkubwa, Eóganachta, kiti chao mwamba wa Cashel, na hawakukubali kirahisi kwamba wa Tara ni mkubwa kwao. Walikuwa na wafalme wengine waliokuwa viongozi wa dini pia, kama Cormac mac Cuilennáin, askofu na mfalme na msomi, mwaka 908 alipigana na Flann Sinna pale Belach Mugna, akaanguka kwenye farasi wakamkata kichwa, na inasimuliwa kwamba walipompelekea Flann kile kichwa wakitegemea zawadi aliwakaripia, akakishika kwa heshima. Baada ya hapo Eóganachta walilegea, wakawa wanagombana wenyewe kwa wenyewe, na kwenye ule upenyo ndo wakaingia watu wadogo kabisa ambao hakuna aliyewahesabu, Dál Cais, watu wa kando ya mto Shannon. Kaka yake Brian, Mathgamain, akaichukua Cashel, na mwaka 976 wapinzani wake wakamkamata kwa hila wakamuua. Brian akalipiza mpaka wa mwisho, mwaka 978 akamuua Máel Muad aliyekuwa nyuma ya mauaji yale, akawa bwana wa Munster.

Silaha yake ilikuwa mto. Shannon inakata kisiwa karibu nusu nzima, na Brian aliweka mashua, nyingi, akawatumia Waviking wa Limerick, mji ulioko kwenye mto huo huo, aliokwishawashinda pamoja na ujuzi wao, akawa anapanda na mto mpaka kwenye tumbo la nchi ya watu. Kule juu alikutana na Máel Sechnaill mac Domnaill, mfalme wa Tara wa Clann Cholmáin, na huyu msimdharau, ndiye aliyewapiga Waviking wa Dublin vibaya sana mwaka 980 pale pale Tara na kuwaachia huru watu wengi waliokuwa watumwa kwao. Wakasumbuana miaka mingi. Mwaka 997 wakakutana Clonfert wakagawana kisiwa, kusini kwako kaskazini kwangu, na wakakabidhiana mateka, yaani Máel Sechnaill akampa Brian mateka wa Leinster na wa Dublin. Mwaka 999 wakawapiga Dublin na Leinster pamoja pale Glenmama. Na mwaka 1002 Máel Sechnaill akamwachia Brian nafasi ya juu bila vita, aliangalia jeshi lililokuja, akaangalia nyuma yake, ndugu zake wa kaskazini hawapo, akakubali. Zamu za Uí Néill zikaishia hapo.

Mwaka 1005 Brian akaenda Armagh, kwenye kanisa la Patrick, akaweka wakia 20 za dhahabu juu ya altare, ni nusu kilo na kitu, na padre wake akafungua kitabu kitakatifu cha pale, kilichokuwa na umri wa miaka 200 tayari, akaandika kwa Kilatini kwamba ameandika mbele ya macho ya Brian, kaisari wa Waskoti. Waskoti kwa Kilatini cha wakati ule ni Waayalandi wenyewe. Ule ukurasa upo mpaka leo Dublin. Hebu fikiria, mtoto wa kabila dogo la mtoni, kasimama pembeni anamtazama padre anaandika neno kaisari. Sisi tuna Mirambo wetu, alianza na utemi mdogo Uyowa akaukuza mpaka misafara ya biashara yote ikamsikiliza, kwa hiyo hatuhitaji mtu kutuambia hilo linawezekana vipi.

Sasa Clontarf, Ijumaa Kuu, tarehe 23 Aprili 1014. Siku hizi Clontarf ni mtaa wa Dublin uliokaa baharini, kama Msasani kwetu. Aliyeasi kwanza ni Máel Mórda, mfalme wa Leinster, Mwayalandi kabisa. Akaungana na Sitric, mfalme wa Kiviking wa Dublin, nae akaita meli kutoka Orkney, visiwa vya Waviking kaskazini ya Uskoti, na kwingine. Huyu Sitric mama yake ni Gormlaith, dada wa Máel Mórda, na Gormlaith alikuwa ameshaolewa na Brian kabla hawajaachana, na Sitric mwenyewe amemuoa binti wa Brian. Kwa hiyo siku ile mzee wa miaka zaidi ya 70 anapigana na shemeji yake wa zamani na mtoto wake wa kambo ambaye pia ni mkwe wake, na binti yake mwenyewe yuko ndani ya kuta za Dublin na mumewe. Huwezi kuiita hiyo vita ya Waayalandi na wageni. Ni vita ya familia yenye meli. Wa kaskazini hawakuja kabisa.

Upande wa Brian ulishinda ila kwa hasara kubwa mno. Mwanae Murchad akafa, mjukuu wake Toirdelbach akafa, na Brian mwenyewe, ambaye hakupigana kwa sababu ya umri, inasimuliwa aliuawa hemani kwake na Waviking waliokuwa wanakimbia. Máel Mórda akafa, jarl Sigurd, yaani mtawala wa Orkney, akafa. Sitric? Alitazama kutoka ukutani, na akaendelea kuwa mfalme wa Dublin mpaka 1036. Hao ndo Waviking waliofukuzwa. Hadithi uliyoisoma inatoka kwenye kitabu kilichoandikwa karibu miaka 100 baadae kwa ajili ya kitukuu cha Brian aliyekuwa anautaka ufalme mkuu na yeye, kwa hiyo alihitaji babu aliyeokoa taifa.

Na kiti kikarudi kwa nani? Kwa Máel Sechnaill, yule yule, mzee sasa, akashika tena mpaka alipofariki mwaka 1022 kwenye kisiwa kidogo cha ziwa la kwao. Kwa kweli mi huyu namheshimu kuliko Brian, ila hana wimbo.

SWALI (dada, Ubungo): Ikaishaje mpaka Mwingereza akaingia?

JIBU: Baada ya 1022 dada yangu hakukuwa na zamu tena, ni anayeweza. Wenyewe walikuwa na neno lake, mfalme mwenye upinzani, yaani amejitangaza mkuu ila kuna majimbo hayajakubali. Wakaja wajukuu wa Brian, wakaja Mac Lochlainn wa kaskazini, wakaja Ua Conchobair wa Connacht, ambao Toirdelbach wao alipigana miaka hamsini akijenga madaraja na ngome kwenye Shannon. Mwanae Ruaidrí akawa mfalme mkuu mwaka 1166.

Mwaka huo huo wakamfukuza mfalme wa Leinster, Diarmait Mac Murchada, mtu aliyekuwa na madui wengi, mmoja wao Tigernán Ua Ruairc ambaye Diarmait alimchukulia mke mwaka 1152. Diarmait akavuka bahari, akamtafuta Henry wa Pili mfalme wa Uingereza mpaka akampata huko Ufaransa, akaomba ruhusa ya kukodi wapiganaji. Wakaanza kushuka mwaka 1169, na 1170 akaja bwana mmoja wa vita kutoka kwa Henry anaitwa Strongbow, akapewa binti wa Diarmait amuoe na ahadi ya Leinster yenyewe. Ukitaka kuelewa Diarmait alikuwa anawaza nini kumbuka Kilimanjaro mwaka 1891, Mangi Rindi wa Moshi alipokuwa upande wa Wajerumani walipokwenda kumpiga hasimu wake Sina wa Kibosho. Mtu anamwona adui wa jirani, hamwoni yule aliyemleta.

Ruaidrí alikuwa na mateka wa Diarmait, mwanae kabisa, Conchobar, aliyewekwa rehani kwa ahadi kwamba hataleta wageni zaidi. Diarmait akaleta. Mwaka 1170 Ruaidrí akamuua yule kijana pamoja na mateka wengine wawili, kama sheria ya kale ilivyomruhusu, na haikusaidia chochote, jeshi la wageni halikurudi nyuma hata hatua moja. Diarmait mwenyewe akafa Mei 1171, Oktoba Henry akashuka na meli zake.

Mkataba uliandikwa Windsor mwaka 1175. Ruaidrí anabaki mfalme juu ya Waayalandi wa maeneo ambayo Waingereza hawajachukua, chini ya Henry, ampe mateka, na kila wanyama kumi watakaochinjwa alipe ngozi moja. Wanawe wakamsumbua kama kawaida ya ukoo, akaachia madaraka, akamalizia kwenye abasia ya Cong, akafa humo mwaka 1198.